Herufi zimevurugika kwenye hifadhidata: tiba ipi kwa uharibifu upi

Ukiona `ngâ€™ombe` mahali palipopaswa kuandikwa ng’ombe, kishawishi cha kwanza ni kutafuta amri ya `ALTER TABLE` na kuiendesha papo hapo. Subiri kwanza. Zipo njia tano au sita zinazopendekezwa kwa tatizo hili. Kila moja inafaa aina moja ya uharibifu, na nyingi kati yake huongeza uharibifu zikitumiwa kwa aina nyingine. Data iliyosomwa vibaya bado inaweza kurudi, lakini ikishageuzwa mara ya pili kwa amri isiyoihusu, huenda isirudi tena. Hapa nalinganisha njia hizo kwa kutumia MySQL na MariaDB, kwa sababu ndiko mkorogo huu unakotokea zaidi, kisha nitapita kwa PostgreSQL, SQL Server na Oracle.

Maandishi ya Kiswahili yana namna yake ya kuficha tatizo. Herufi zetu zote zimo ndani ya ASCII, orodha ya msingi ya herufi za kompyuta, na baiti za ASCII ni zilezile katika Latin-1, Windows-1252 na UTF-8, ambazo ni aina za usimbaji, yaani namna za kuandika herufi kama baiti. Kwa hiyo programu iliyosanidiwa vibaya inaweza kufanya kazi miaka kadhaa bila malalamiko. Siku mtu anaponakili maandishi kutoka Microsoft Word, ambayo hugeuza ritifaa nyoofu (') kuwa iliyopinda (’), au anapoandika jina lenye é, au anapotuma emoji, ndipo kosa la siku ya kwanza linapojitokeza. Wakati huo jedwali lina mistari laki kadhaa.

## Soma baiti kabla ya kuchagua

Kioo cha kompyuta hakiaminiki katika kazi hii. Kati ya hifadhidata na macho yako kuna muunganisho, draiva, programu, seva ya wavuti na kivinjari, na kila mmoja anaweza kugeuza herufi njiani. Baiti zenyewe ndizo ushahidi. Katika MySQL, kwa jedwali liitwalo `makala` lenye safu `c`:

```
SELECT c, HEX(c) FROM makala WHERE id = 17;
SHOW CREATE TABLE makala;
```

Matokeo ya `HEX`, yaani baiti zikiandikwa kwa tarakimu za msingi wa 16, ni tarakimu na herufi A hadi F tu, hivyo hakuna kitu njiani kinachoweza kuyavuruga. Amri ya pili inakuonyesha safu imetangazwa kuwa ya usimbaji gani. Unahitaji vyote viwili, kwa sababu baiti zilezile zina maana tofauti katika safu mbili zilizotangazwa tofauti. Hivi ndivyo neno ng’ombe, lenye ritifaa iliyopinda, linavyoonekana katika hali tano:

| HEX | Safu imetangazwa | Hali ya data | Njia |
|---|---|---|---|
| 6E67E280996F6D6265 | utf8mb4 | Nzima | Rekebisha muunganisho, usiguse data |
| 6E67926F6D6265 | latin1 | Nzima, kwa usimbaji wa zamani | `CONVERT TO` |
| 6E67E280996F6D6265 | latin1 | UTF-8 chini ya jina lisilo lake | Kupitia baiti ghafi |
| 6E67C3A2E282ACE284A26F6D6265 | utf8mb4 | Imesimbwa mara mbili | `UPDATE` ya kurudisha nyuma |
| 6E673F6F6D6265 au 6E67EFBFBD6F6D6265 | yoyote | Imepotea | Nakala rudufu au chanzo cha awali |

Linganisha mstari wa kwanza na wa tatu. Baiti ni zilezile, lakini tiba ni tofauti kabisa. Anayeangalia HEX peke yake atakosea, na anayeangalia tangazo la safu peke yake atakosea pia.

Mstari wa mwisho unastahili neno moja la ziada. 3F ni alama ya kuuliza halisi, na EFBFBD ni ile alama ya Unicode inayowekwa mahali pa baiti zisizosomeka, `�`. Zikiwa zimehifadhiwa hivyo ndani ya safu, hakuna amri itakayoirudisha herufi ya awali. Lakini alama ya kuuliza ikionekana kwenye kioo wakati HEX inaonyesha baiti nzima, data iko salama: muunganisho wako umeomba matokeo katika usimbaji usio na herufi hiyo, na seva imeweka `?` wakati wa kutuma tu. Nimeona watu wakianza kurejesha nakala rudufu kwa tatizo ambalo lingeondoka kwa kubadilisha mpangilio mmoja wa draiva.

## Kurekebisha muunganisho

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na inatosha pale data iliyo ndani ya jedwali ni nzima. MySQL ina vigezo vitatu vinavyohusika: `character_set_client`, yaani programu inasema inatuma nini, `character_set_connection`, seva inageuza kuwa nini kabla ya kutekeleza, na `character_set_results`, seva inarudisha nini. Amri ya `SET NAMES utf8mb4` huweka vyote vitatu kwa pamoja.

Je, uandike `SET NAMES` mwenyewe au uiachie draiva? Iachie draiva. Katika PHP weka `charset=utf8mb4` kwenye DSN (maelezo ya muunganisho) ya PDO, au ita `mysqli_set_charset`. Katika PyMySQL weka `charset='utf8mb4'`. Ukituma `SET NAMES` kama hoja ya kawaida, seva itajua lakini draiva haitajua, na kazi ya kukinga alama za nukuu ndani ya draiva itaendelea kudhani usimbaji wa zamani. Kwa baadhi ya usimbaji wa baiti nyingi, kama GBK, pengo hilo limewahi kuwa mlango wa mashambulizi ya SQL. Kwa hiyo suala ni la usalama pia.

Mtego uko hapa. Ikiwa programu ya zamani ilikuwa ikituma UTF-8 huku ikisema ni latin1, na ikisoma kwa udanganyifu uleule, kila kitu kilionekana sawa kwenye kioo: baiti zilipotoshwa zikiingia na kupotoshwa kinyume zikitoka. Ukirekebisha muunganisho peke yake, maandishi mapya yatakuwa sawa na ya zamani yote yatavurugika ghafla. Wengi hufika hapo na kurudisha mpangilio mbovu haraka. Ni afadhali usiurudishe: mpangilio mpya ndio unaosema kweli. Lakini usiuweke kabla hujawa tayari kusahihisha data ya zamani katika kipindi hichohicho ambacho programu imesimamishwa, la sivyo utapata jedwali lenye mistari ya aina mbili, na hiyo ndiyo hali ngumu kuliko zote.

## `CONVERT TO` dhidi ya kupitia baiti ghafi

Njia hizi mbili huchanganywa mno, kwa sababu zote hubadilisha safu ya latin1 kuwa utf8mb4. Zinachofanya ni kinyume.

```
ALTER TABLE makala CONVERT TO CHARACTER SET utf8mb4;
```

Amri hii huliamini tangazo. Inasoma kila baiti kama latin1, inatafuta herufi yake, kisha inaiandika upya kwa UTF-8. Baiti 92 inakuwa E28099, kama inavyotakiwa. Lakini kama ndani ya safu tayari kuna E28099, itaisoma kama herufi tatu, â na € na ™, na kuziandika zote upya. Sasa umehama kutoka mstari wa tatu wa jedwali letu la hapo juu hadi wa nne.

```
ALTER TABLE makala MODIFY c VARBINARY(200);
ALTER TABLE makala MODIFY c VARCHAR(200) CHARACTER SET utf8mb4;
```

Hatua ya kwanza huondoa tangazo bila kugusa baiti. Ya pili huweka tangazo jipya, nayo pia bila kugusa baiti. Kwa safu ya TEXT pitia BLOB. Kwa safu yenye baiti 92 njia hii ni kosa, maana 92 peke yake si UTF-8 halali. Uzuri ni kwamba seva yenye mpangilio mkali (strict mode) itakataa na kutoa kosa la 1366 badala ya kuharibu kimya kimya. Usiuzime mpangilio huo ili amri ipite. Kukataa huko ni taarifa ya thamani: kunakuambia kuwa jedwali lina mistari ya aina mbili.

Nikilazimika kuchagua moja kwa jedwali nisilolijua, nitajaribu ya pili kwanza juu ya nakala ya jedwali, kwa sababu hiyo moja husimama inapokosea. `CONVERT TO` haina namna ya kugundua kuwa imekosea. Kwake kila baiti ya latin1 ni halali.

Gharama ndogo ya njia ya pili ni kwamba `MODIFY` husahau usichokiandika. `NOT NULL`, `DEFAULT` na maelezo ya safu lazima uyarudie, na faharasa za FULLTEXT ziondolewe kwanza.

## Kurudisha nyuma kilichosimbwa mara mbili

Data ikiwa katika mstari wa nne wa jedwali letu, kubadilisha tangazo la safu hakusaidii, kwa sababu UTF-8 iliyomo ni halali kabisa. Inasema tu herufi zisizo zenyewe. Unarudi nyuma hatua moja:

```
UPDATE makala
SET c = CONVERT(CAST(CONVERT(c USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4)
WHERE INSTR(CAST(c AS BINARY), 0xC3A2E282AC) > 0;
```

Sehemu ya `WHERE` ndiyo inayookoa. Ukiiacha, mstari ulioandikwa sawasawa kwa Kiarabu utageuzwa latin1, ambayo haina herufi za Kiarabu, na utabaki na alama za kuuliza. Nimetafuta kwa baiti ghafi badala ya `LIKE '%â€%'` kwa makusudi: `LIKE` hutegemea muunganisho wako na mpangilio wa ulinganishaji (collation) wa safu, ambao huenda ukachukulia â na a kuwa kitu kimoja. Baiti hizo tano ni alama ya nukuu na vistari vya kuchapwa vilivyosimbwa mara mbili. Kwa é na jamaa zake tafuta C383C2. Endesha kama `SELECT` kwanza, usome matokeo kwa macho, kisha ndipo ugeuze kuwa `UPDATE`.

Wengine hupenda kufanya kazi hii nje ya hifadhidata, kwa Python. Kwa ng’ombe inakwenda vizuri:

```
'ngâ€™ombe'.encode('cp1252').decode('utf-8')
```

Lakini jaribu alama ya kufunga nukuu, ”, ambayo kwa UTF-8 ni E2809D. Katika Windows-1252 baiti tano hazina herufi: 81, 8D, 8F, 90 na 9D. MySQL, ambayo latin1 yake kwa kweli ni Windows-1252, huzipitisha baiti hizo tano kama zilivyo na kuzirudisha kama zilivyo. Kodeki ya `cp1252` ya Python huzikataa kwa kosa. Matokeo yake, skripti fupi ya Python hurekebisha nukuu za kufungua na kushindwa kwenye za kufunga. Maktaba ya Python iitwayo `ftfy` inalijua hili na ina kodeki yake iliyolegezwa, tena hukagua kila kipande cha maandishi na kuacha kilicho sawa bila kukigusa. Kwa hiyo: mistari ya aina moja, ndani ya hifadhidata moja, tumia SQL. Jedwali lenye mchanganyiko, mingine ikiwa imesimbwa hata mara tatu, tumia `ftfy`, andika matokeo kwenye safu mpya, na linganisha kabla ya kufuta ya zamani.

Kuna kisa kimoja ambacho hata hiyo haikitibu kwa uhakika. Herufi à kwa UTF-8 ni C3A0, na A0 ni nafasi isiyokatika. Programu inayosafisha nafasi kabla ya kuhifadhi huigeuza kuwa nafasi ya kawaida, na baiti ya pili ya herufi inakuwa imekwenda. Maktaba inaweza kubahatisha kwa kutazama muktadha, na mara nyingi itapata, lakini huko ni kubahatisha.

## Kutoa na kupakia upya

Kwa data iliyo katika mstari wa tatu wa jedwali letu unaweza pia kutoa kila kitu kwa `mysqldump --default-character-set=latin1 --skip-set-charset`, ubadilishe matangazo ya majedwali ndani ya faili, kisha uipakie kama utf8mb4 kwenye hifadhidata mpya. Ni njia ya polepole na inahitaji nafasi ya ziada ya diski. Faida yake ni kubwa: ya zamani inabaki kama ilivyo, na unaweza kulinganisha HEX za pande zote mbili kwa utulivu. Kwa hifadhidata ndogo naona ndiyo bora kuliko zote.

Angalizo mawili. Ukibadilisha neno `latin1` kwa faili nzima, utabadilisha pia makala yoyote inayolitaja neno hilo. Na kwenye Windows, alama ya `>` ndani ya PowerShell 5.1 huandika faili kwa UTF-16, jambo linaloharibu nakala yenyewe, tumia `--result-file`.

## `utf8` au `utf8mb4`

Hapa hakuna mashindano. Jina `utf8` katika MySQL lilimaanisha usimbaji wa hadi baiti tatu kwa herufi, ambao siku hizi huitwa utf8mb3. UTF-8 ya kweli, kama ilivyowekwa katika waraka wa viwango RFC 3629 wa mwaka 2003, hufika baiti nne, na emoji nyingi zinahitaji zote nne. utf8mb4 iliingia na toleo la 5.5.3 na ndiyo chaguo-msingi tangu 8.0. Dalili ya kwamba bado uko kwenye ile ya zamani ni kosa la `Incorrect string value: '\xF0\x9F...'`. Ikiwa seva si kali, dalili huwa mbaya zaidi: sentensi hukatika mahali emoji ilipoanzia na kilichofuata kinapotea.

Kikwazo cha kuhama ni faharasa. InnoDB (injini ya MySQL ya kuhifadhi data) ya zamani iliruhusu baiti 767 kwa faharasa ya safu moja, na VARCHAR(255) kwa baiti nne inapita hapo. Ndiyo asili ya ile namba 191 unayoikuta katika miradi mingi. Kwa muundo wa mistari wa DYNAMIC kikomo ni baiti 3072, na VARCHAR(255) inaingia bila shida.

## Hifadhidata nyingine

PostgreSQL ni kali zaidi, na ukali huo ni neema. Hifadhidata ya UTF8 hukataa baiti zisizo halali kwa ujumbe wa `invalid byte sequence for encoding "UTF8"`, hivyo mstari wa tatu wa jedwali letu hautokei huko kirahisi. Unaoweza kutokea ni wa nne, pale `client_encoding` inaposema LATIN1 huku programu ikituma UTF-8. Lakini LATIN1 ya PostgreSQL ni ISO 8859-1 halisi, si Windows-1252, kwa hiyo ritifaa yetu itahifadhiwa kama C3A2C280C299. Kwenye kioo utaona â peke yake, maana mbili zinazofuata ni alama za udhibiti zisizoonekana. Ndiyo sababu HEX ni muhimu hata hapa: ukiona C280C299 rudisha kwa `convert_from(convert_to(c, 'LATIN1'), 'UTF8')`, na ukiona E282AC weka WIN1252 badala ya LATIN1. Zote mbili husimama na kutoa kosa zinapokutana na herufi zisizoweza kuzigeuza. Usimbaji wa hifadhidata nzima huchaguliwa wakati wa kuiunda na haubadilishwi baadaye. Kuubadilisha ni kutoa kwa `pg_dump` na kuunda nyingine kutoka `template0`. Epuka SQL_ASCII: chini yake seva haigeuzi kitu wala haikagui kitu.

SQL Server hupoteza herufi mahali tofauti. Maandishi yaliyoandikwa `'...'` bila N mbele hupitia ukurasa wa msimbo (code page) wa hifadhidata, na herufi isiyomo huwa `?` kabla haijafika kwenye safu, hata kama safu ni nvarchar, aina ya safu ya maandishi ya Unicode. Hakuna cha kurudisha. Andika `N'...'`, au bora zaidi tumia vigezo vya draiva. Tangu toleo la 2019 kuna chaguo la varchar yenye ulinganishaji unaoishia na `_UTF8`. Kwa maandishi ambayo karibu yote ni ASCII, kama ya Kiswahili, hiyo huchukua nusu ya nafasi ya nvarchar. Kumbuka tu kwamba varchar(100) hapo ni baiti 100, si herufi 100. Kwa maandishi ya Kichina nafasi huongezeka badala ya kupungua, baiti tatu dhidi ya mbili, na nvarchar inabaki kuwa chaguo zuri.

Oracle ina mtego wa `NLS_LANG`. Watu huiweka iwe sawa na usimbaji wa hifadhidata wakidhani ndiyo inavyotakiwa, kumbe inapaswa kueleza usimbaji wa upande wa mteja. Zikilingana, Oracle huona hakuna haja ya kugeuza na hupitisha baiti zozote zile. Chagua AL32UTF8, si ile inayoitwa UTF8, ambayo huandika emoji kwa baiti sita. Na tangaza VARCHAR2(50 CHAR), kwa sababu bila neno hilo kipimo cha kawaida ni baiti, na jina refu lenye herufi chache za alama linaweza kukataliwa kwa kosa la ORA-12899.

## Kuhakikisha kabla ya kufungua

Kabla ya kuirudisha programu kazini, ingiza kupitia programu yenyewe, si kupitia dirisha la SQL, mstari mmoja wenye ng’ombe kwa ritifaa iliyopinda, é, à, nukuu za “kufungua na kufunga”, neno la Kiarabu na 😀. Kisha soma HEX. Ritifaa iwe E28099, é iwe C3A9, à iwe C3A0, nukuu ya kufunga iwe E2809D, 😀 iwe F09F9880. Kwa SQL Server yenye nvarchar, linganisha na UTF-16, ambako 😀 husomeka 3DD800DE. Fanya vivyo hivyo kwa kila njia ya kuingizia data: fomu, API, faili za CSV zinazopakiwa usiku, na skripti za zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Faili za CSV zilizohifadhiwa kutoka Excel zitazame kwa makini zaidi, maana baadhi huja na baiti EFBBBF mwanzoni, na hizo huingia kama sehemu ya jina la safu ya kwanza zisipoondolewa.